Vitu Nilivyopeleka Nyumbani

Nina duka la vyombo vya nyumbani Dandora, na mwezi wa Desemba ndio hunilisha miezi mingine yote. Nauza vitu vilivyokwisha kutumika: friji, majiko ya gesi, televisheni, na redio kubwa za mbao ambazo siku hizi hununuliwa na wazee peke yao. Vingine hushuka kutoka kwa makontena ya ng'ambo. Vingine huletwa na fundi mmoja anayevinunua kwa waokota taka kwenye jaa kubwa la hapa hapa Dandora. Huvifungua, hubadilisha kinachobadilishika, huvisugua na kuvipaka rangi, na ukivikuta asubuhi vimepangwa nje ya duka huwezi kujua vililala wapi jana. Mimi najua. Mteja akiniuliza sijawahi kumdanganya, ila wateja wa Desemba hawaulizi.

Hao ni watu wanaoenda ocha, nyumbani kijijini, kula Krismasi. Wengi ni wafanyakazi wa viwanda vya Baba Dogo ambao wamelipwa na hawajalala vizuri tangu walipwe, kwa sababu ya kuwaza watapeleka nini. Kabla hawajafungua mdomo huwa nimeshajua. Mtu akishika mlango wa friji, akaufungua na kuufunga mara mbili bila kuuliza inakula stima kiasi gani, huyo anampelekea mama yake. Anayeinunulia nyumba yake mwenyewe huuliza maswali mpaka ukachoka.

Namkumbuka mmoja wa kiwanda cha rangi, mtu mzima, kucha zake bado zina rangi ya buluu.

"Madam, nataka kitu ya kupelekea mathe ocha," aliniambia. "Kitu safi."

"Ako na stima?"

"Bado. Nguzo zimefika kwa chifu."

"Sasa friji atafanyia nini?"

"Wewe niuzie tu. Jirani yake aliletewa Krisi iliyopita, na watoi wa huyo hata hawakusoma."

Nilimuuzia. Nikaifunga kwa nailoni na kamba, nikampa na kitambaa cha kufunikia juu, bure. Alipoondoka tulicheka na fundi mpaka machozi yakanitoka. Lakini nyani haoni kundule. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kupeleka friji ya namna hiyo kwa mama yangu, upande wa Kakamega, katika nyumba isiyo na stima.

Friji haikuwa ya kwanza. Nilianza na paa. Pesa zilitosha mabati ya rangi ya upande mmoja tu, nikaamua yapigwe upande wa mbele unaotazama barabara, rangi ya damu ya mzee. Upande wa nyuma yakabaki mabati ya zamani yenye kutu, na Mama akawa anahamisha kitanda kila masika. Mwaka uliofuata nikapeleka makochi. Mama hakuyavua nailoni yake, na wageni walikuwa wakikaa wakiteleza, wakishikilia mikono ya kiti kama watu walio ndani ya mashua. Halafu televisheni na sola yake, ambayo ilifanya kazi mpaka Pasaka. Halafu jiko la gesi lenye meko manne. Mtungi wa kwanza ulipokwisha, mahali pa kuujaza palikuwa mjini, na nauli ya bodaboda na mtungi wake ilikuwa mzigo kwa mjane anayeuza mboga, kwa hiyo akarudi kwenye kuni na mafiga yake matatu. Jiko akalifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Halafu tangi jeusi la maji, kubwa kuliko choo. Mifereji ya kukinga maji kutoka paani sikununua, maana mifereji ni kitu kidogo na hakuna mtu hupita barabarani akaisifu. Tangi likasimama kando ya nyumba bila tone, na kuku wakapata kivuli.

Friji ndiyo aliyoipenda. Aliweka ndani yake unga, sukari na Biblia, kwa sababu panya hawawezi kufungua ule mlango. Aliniambia kwamba katika vyote nilivyoleta hicho ndicho chenye faida.

Sitasema sikujua. Muuza vitu anajua kitu kinachofanya kazi na kisichofanya. Ila nilikuwa na sababu yangu, na nitaitaja ingawa ni ya kitoto. Nilipokuja Nairobi mara ya kwanza nilifikia kwa binamu yangu Dandora, na habari ikatangulia kijijini kwamba binti wa yule mjane anaokota taka. Mama aliambiwa kanisani, baada ya ibada, na mwanamke aliyekuwa akimpa pole. Mimi sikuokota taka, nilikuwa nikifua nguo za watu, lakini hata ningeokota, ilikuwa kazi. Hayo nayasema leo. Wakati ule neno lile lilinichoma, na kila Desemba nilikuwa nikimjibu yule mwanamke kwa lori.

Basi ikafika siku ya maswali. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya wiki, nina wateja wawili dukani, mume na mke wakibishana juu ya jiko. Simu ikaita, namba ya Mama. Mama ana kabambe, simu ile ndogo ya vibonyezo, na hanipigii asubuhi bila sababu. Nilipopokea sikusikia sauti yake. Nilimsikia mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mama mmoja jirani ambaye watu wote humwita Daktari, ingawa kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba na mkoba na simu kubwa aliyopewa na serikali.

"Dada, habari ya Nairobi?" alisema. "Nimekuweka kwa sauti kubwa. Niko hapa kwa Mama, na majirani wako hapa pia."

Aliniambia kwamba bima ya afya ya serikali sasa iko kwenye mtandao. Kila nyumba inaulizwa maswali, majibu yanaingia kwenye mashine, na mashine ndiyo inayopanga mtu atalipa kiasi gani kwa mwaka. Aliye na kitu analipa zaidi, asiye nacho analipa kidogo. Majirani walikuwa wamemfuata tangu boma la kwanza, kwa sababu kwetu hakuna sinema nyingine ya kutazama siku ya Jumatano, na kila mtu alitaka kusikia jibu la mwenzake. Niliwasikia wakikaa. Ile nailoni ya makochi ilikuwa ikilia chini yao.

"Mama amesema vitu vya nyumba hii ni vyako," Daktari akaendelea. "Ati ujibu wewe."

"Si uko ndani ya nyumba? Unaviona."

"Mimi siruhusiwi kujibu, dada. Nauliza tu. Ni ndiyo ama hapana."

Mimi nami nikaweka simu yangu sauti kubwa. Sijui kwa nini, au tuseme najua vizuri sana. Wale mume na mke waliacha kubishana. Fundi wangu alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi, na yeye akageuka kusikiliza.

"Paa ni la nini?"

"Mabati ya rangi."

Kule nyumbani mtu mmoja akasema "eeh" kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyekubali.

"Kuna friji?"

"Ndiyo."

"Jiko la gesi?"

"Ndiyo. La meko manne."

"Meko hayaulizwi. Televisheni?"

"Ndiyo."

"Tangi la maji?"

Hapo ningeweza kusema kwamba lipo lakini halijawahi kuonja maji. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika lakini. Na hata ingekuwa napo, nisingesema mbele ya wale watu, wa huku na wa kule. Nilisema ndiyo. Nilikuwa nimesimama wima kama mtoto anayesoma shairi mbele ya shule, na nilikuwa najisikia vizuri, afadhali niseme ukweli. Mwaka baada ya mwaka nilikuwa nikipeleka vitu kimya kimya, na sasa serikali ilikuwa ikivisoma kimoja kimoja kwa sauti sebuleni kwa Mama, na yule mwanamke wa kanisani, sina shaka, alikuwa ameketi kwenye nailoni akisikiliza.

"La mwisho," Daktari alisema. "Kwa siku nyumba hii inakula mara ngapi?"

Nilijua jibu. Mama alikuwa akila mara mbili, na mara moja katika hizo ilikuwa chai na kiazi kitamu. Nilimsikia akikohoa kidogo, kikohozi cha kusafisha koo, cha mtu anayetaka kuingia katika mazungumzo.

"Mara tatu," nilisema.

Hilo tu ndilo nililodanganya. Mengine yote yalikuwa kweli.

Mama akachukua simu. "Umenijibia vizuri, mwanangu," aliniambia kwa lugha yetu, na sauti yake ilikuwa ya furaha, sikosei. Yule mke dukani akaniambia, "Umemjengea mathe, Mungu akubariki," na mume wake akalipia jiko bila kuomba kupunguziwa. Siku hiyo nilikula samaki mzima.

Baada ya hapo sikufikiri tena juu ya bima. Nilikuwa na yangu, nalipa kwa simu kila mwaka, naona ujumbe, nafuta. Mama alikuwa na sukari, ile ya damu, lakini alikuwa nayo kwa miaka na alikuwa akipata vidonge vyake zahanati. Nilimpigia kila Jumapili baada ya kanisa. Nilimwuliza habari za mboga, za kuku, za mvua. Alijibu kwamba wao wako salama, sisi wa huku kwenye moshi ndio wa kuombewa. Miezi ikapita hivyo, na ikiwa sauti yake ilibadilika mimi sikuisikia.

Simu iliyofuata ya Daktari haikuwa na watu. Nilikuwa nikimpimia mteja kimo cha mlango wake ili nijue friji itapita.

"Dada, njoo nyumbani," alisema. "Mguu wa Mama umeharibika. Tumemleta hospitali kubwa."

"Mguu gani? Umeharibika vipi?"

"Njoo tu."

Nilifika kesho yake asubuhi. Mguu ulikuwa umekwisha kukatwa, chini kidogo ya goti. Daktari wa zamu, daktari wa kweli huyu, alinieleza kwamba kidonda kilikuwa kimefika mfupani na sumu ilikuwa inapanda, wasingengoja idhini ya mtu aliyeko Nairobi. Mama mwenyewe aliweka kidole gumba kwenye karatasi. Aliniambia pia, bila kunigombeza, kwamba kidonda cha namna ile kikiletwa mapema huoshwa na kufungwa, na mgonjwa akarudi nyumbani kwa miguu yake. Aliuliza kama Mama anaishi peke yake. Nikasema ndiyo.

Mama alikuwa amelala. Nikatoka nje nikamkuta Daktari wetu wa kijiji amekaa kwenye benchi la korido, viatu vina matope, mkoba umemkalia mapajani. Hasira yote niliyokuwa nayo nikammwagia yeye. Nilimwuliza kazi yake ni nini hasa. Nilimwuliza kama kupita nyumba kwa nyumba ni kutafuta chai ya bure. Aliningoja nimalize.

"Alikanyaga mwiba wa mchongoma kwa shamba," alisema. "Hakuusikia. Hao wa sukari miguu yao haisikii. Nilipouona ulikuwa tayari unatoa maji. Nikampeleka zahanati, wakasema hii ni ya hospitali kubwa. Akaja hapa peke yake. Dirishani wakatafuta jina lake kwa kompyuta, wakamwambia bima yake ipo lakini haijalipwa, na huwezi kulipa kidogo kidogo, ni mwaka mzima mara moja. Akarudi nyumbani."

"Kiasi gani?"

Akanitajia. Nilikaa kwenye benchi. Kilikuwa bei ya friji moja ya wastani dukani kwangu, pamoja na kitambaa.

"Ujumbe ulikuja kwa simu yake zamani, wiki ile ile ya maswali," akaendelea. "Mimi ndiye nilimsomea. Hata mimi nilishtuka, kwa sababu jirani yake mwenye ng'ombe watatu amepangiwa kidogo kuliko yeye. Huyo alijibu hana kitu. Nikamwambia Mama, hii inarekebishwa. Tunaomba maswali upya, tunasema friji haiwaki, tangi ni kavu. Akakataa."

"Kwa nini akatae?"

"Alisema nikiandika hapana, watu watasema mwanawe alidanganya mbele yao."

"Na wewe ukanyamaza."

"Namba yako ninayo, dada. Ningekupigia siku hiyo hiyo. Alinishika mkono akanikataza kabisa. Alisema atauza mboga mpaka zitoshe." Alitazama viatu vyake. "Alikuwa anaosha na maji ya chumvi. Miezi mitatu."

Nilitaka kumchukia na sikuweza. Nilimwomba anitumie namba ya malipo. Nililipa mwaka mzima nikiwa nimesimama pale pale koridoni, kwa simu yangu, na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia kabla sijairudisha simu mfukoni. Haikuchukua dakika tatu. Mwuguzi mmoja aliyekuwa akipita aliniomba nisogee kando, nimeziba njia ya kigari cha chakula.

Mama alipoamka alinitazama kwanza viatu, kama anavyofanya siku zote, kuona kama vimechakaa. Halafu akasema, "Mdharau mwiba mguu huota tende. Wangu hata tende haikupata nafasi." Alitaka nicheke. Sikuweza, na yeye akaacha kutabasamu.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Aligeuza kichwa pembeni. Kitanda cha pili mtu alikuwa akimenya ndizi.

"Ulikuwa umeshasema ninakula mara tatu," alisema. "Baada ya hapo ningesema nini?"

Nimesikia maneno makali maishani, sokoni na nyumbani kwa watu niliokuwa nikiwafulia. Hayo hayakuwa makali. Aliyasema kwa kuuliza, akitaka kweli nimwambie angesema nini. Nililia mbele ya wadi nzima, nikiwa mwanamke mzima mwenye duka, na Mama akawa ananipigapiga mkono akiniambia inatosha, watu wanatazama.

Sijaacha kuuza. Pengine ingependeza niseme nilifunga duka nikaanza kuuza mboga, lakini kodi ya nyumba ninayoishi mtaa wa Lucky Summer hailipwi kwa toba. Desemba iliyopita niliuza kama kawaida. Kitu kimoja tu kimebadilika, nacho kinanipotezea wateja. Mtu akifungua mlango wa friji mara mbili bila kuuliza kitu, namuuliza mimi. Mama anapikia nini? Maji anateka wapi? Dawa anatumia, na nani anampeleka? Wengine hujibu. Wengi huniona nimekuwa mwehu, wakavuka barabara kwenda duka la pili, ambako hawaulizwi. Siwalaumu, ningekuwa mimi pia ningevuka.

Mama alipotoka hospitali nilikaa naye nyumbani wiki tano, nikamwachia fundi duka. Ndipo nilipoishi katika nyumba niliyoijibia. Usiku wa kwanza mvua ilipita kwenye mabati ya nyuma ikaanguka kitandani, na Mama, aliyezoea kusukuma kitanda chake mwenyewe, ikabidi aniamshe. Makochi yale hayakumfaa kabisa. Mtu wa mguu mmoja hawezi kukaa juu ya nailoni, anateleza mpaka chini, nikaichana yote kwa kisu na kuitupa. Maji nilikuwa nikiteka mtoni, mitungi minne kwa siku, nikipita kando ya tangi nililolinunua mwenyewe. Siku ya tatu nilikwenda sokoni nikanunua mifereji. Bei yake ilikuwa ndogo sana hata nikaona haya kumwambia.

Karibu na mwisho wa wiki zile nikamwambia Mama kwamba nimeita gari la mizigo. Nilitaka vitu vile virudi Dandora, friji, jiko, televisheni, vyote, kisha Daktari aje aulize maswali upya katika nyumba isiyo na kitu. Nilidhani atafurahi. Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Kwetu vitu vinatolewa nyumbani kwa sababu mbili," alisema. "Mwenye nyumba amekufa, au anapigwa mnada. Mimi sijafa. Unataka wanione nimekaa hapo uani bila mguu, vitu vyangu vinapita? Nyumba yangu haitavuliwa nguo mara mbili."

Gari nikalirudisha, nikalipa nusu ya nauli kwa kumsumbua dereva.

Daktari alikuja siku mbili kabla sijaondoka. Majirani wawili walikuwa wamemfuata mpaka getini, na Mama akaniambia nifunge mlango. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mlango wa ile nyumba ukifungwa mchana, na mgeni akiwa ndani. Daktari akatoa simu yake kubwa, akaniangalia mimi kwa mazoea. Mama akanyoosha mkono kama anayeomba chumvi.

"Leo nitajibu mimi," alisema.

Paa? Mama akasema upande wa barabara ni jipya, upande wa Mungu ni bovu. Daktari akatafuta kwenye simu pa kuandika hayo, hakupapata, akaandika mabati ya kawaida. Friji? Mama akasema ni kabati la unga. Daktari akaniangalia tena, nikatazama chini, akabonyeza hapana. Jiko akasema anapikia kuni. Televisheni haionyeshi. Tangi limeanza juzi kupata maji, kwa hiyo aandike ndiyo, kwa sababu hilo sasa ni kweli. Alijibu yote kwa utaratibu, bila aibu wala kujihurumia, na nikaona kwamba angeweza kuyajibu hivyo tangu mwanzo kama binti yake angemwachia simu.

Kula? "Sasa mara tatu, kwa sababu huyu yuko," alisema. "Akienda, mbili. Andika mbili."

Swali lililofuata Daktari hakulisoma. Alilitazama, kidole kikawa hewani juu ya kioo, nikajua ni la namna gani.

"Lisome," Mama akasema.

"Kuna mtu mwenye ulemavu katika nyumba hii?"

"Yuko mmoja. Andika."

Akaandika. Simu ikazungusha kile kiduara chake, mtandao wa kwetu ni wa kubembeleza, tukangoja watatu. Halafu kiasi kipya kikatokea. Daktari akakisoma mara mbili kuhakikisha. Kilikuwa kimeshuka mpaka chini kabisa, mahali pa watu wasio na kitu.

Mama aliomba arudiwe tena, polepole. Alikitamka mwenyewe kwa lugha yetu, akapiga hesabu ya mafungu kwa vidole, midomo ikimchezacheza, kama anavyofanya sokoni.

"Hiki ningekilipa mwenyewe," alisema. "Hiki ni mboga za wiki mbili."